Kovu Kubwa Kuliko Chale

Mjukuu wangu wa Makole, yule anayekaanga vitumbua, alikuja juzi akanikunjulia mkono wa gauni. Upande wa ndani, pale ngozi ilipo laini, ameandikwa jina la mwanamume kwa sindano na wino. Mwanamume mwenyewe ameshakwenda zake, limebaki jina. Akaniuliza, "Babu, ninyi watu wa zamani mliokuwa mkichanjana, mtu akiichoka chale yake alikuwa anaitoaje?"

Nikamwambia ngoja nikumbuke. Nilimdanganya. Sikuwa na haja ya kukumbuka. Dawa za kutoa chale nimezijaribu kwenye mwili wangu mwenyewe, na nikazijaribu kwenye mwili wa mtu mwingine ambaye hayupo tena. Ila mdomo ulikataa. Nikamwomba kitumbua, akanipa, tukazungumza habari za sukari kupotea madukani. Sasa kile kilichonishinda kusema nakiandika. Anayesoma anivumilie, maana shule nilikaa kiangazi kimoja tu kwa wamisheni. Mvua ziliponyesha nikaitwa kulima na sikurudi. Herufi nilizotoka nazo ndizo hizi.

Chini ya titi langu la kushoto kuna kovu la ukubwa wa kiganja. Limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Wanaoniona nikioga hudhani niliangukia moto nikiwa mtoto. Zamani hapo palikuwa na chale tatu, kila moja haifiki urefu wa ukucha, zimekaa kama unyayo wa kuku. Chale hizo nilichanjwa siku nilipofanywa ndugu na mtu. Kovu nililipata siku zile tulipotaka tusiwe ndugu tena, ili amwoe dada yangu. Habari yote ndiyo hiyo. Iliyobaki ni jinsi ilivyotokea, na jinsi nilivyoisababisha mimi.

Wakati huo ni wa Mdachi. Reli ilikuwa inatoka pwani ikija bara, na ilipofika kwetu Dodoma haukuwa mji wa kuitwa mji. Ilikuwa miiba, vumbi, matembe machache na mahema ya watu wa reli. Mimi ndevu ndiyo kwanza zinaota. Baba alinipeleka kambini kwa sababu ya kodi, kama walivyopelekwa vijana wengine wote. Nikapewa kazi ya kubeba mataruma. Kwa asiyejua, taruma ni lile pande linalolala chini ya chuma cha reli kukishikilia. Kwingine nasikia ni la mti, lakini mchwa wa Ugogo wangeyala mataruma ya mti wakayamaliza kabla gari halijapita, kwa hiyo Mdachi alileta ya chuma. Chuma kikikaa juani tangu asubuhi, ukikiweka begani adhuhuri unasikia harufu ya ngozi yako. Tulitandika majani, tulitandika matambara, haikusaidia sana. Nayataja haya ili ijulikane kwamba mabega yetu yalikwisha kuzoea kuungua. Labda ndiyo maana baadaye tuliudharau moto.

Taruma moja lilibebwa na watu wawili. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa Mnyamwezi, mrefu, mkimya asubuhi, msemaji mchana. Alikuwa ametoka kwao upande wa Tabora kwa miguu, safari ambayo wao huihesabu kama sisi tunavyohesabu kwenda kisimani. Siku ya kwanza aliniangalia ninavyolishika lile taruma akasema, "Mgogo, shika vizuri. Huyu si ng'ombe, hutamkamua."

Nikamjibu, "Na wewe Mnyamwezi mizigo umeizoea mno. Utakufa uzikwe na mzigo kichwani."

Alicheka mpaka taruma likatikisika na msimamizi akatupigia kelele. Mimi nilijiona nimejibu kiume. Ulimi hauna mfupa, na maneno mengine mtu huyasema leo yakamngoja mbele.

Urafiki wetu uliletwa na tumbo. Niliugua kuhara damu, na kambini mtu akihara damu wenzake humkimbia, kila mmoja anaogopa lake. Yule Mnyamwezi hakukimbia. Alinitolea nje, alinisafisha, na alinipa maji yake. Nataka nieleze maji. Maji ya kambini yalikuja kwenye mapipa, yakagawiwa kwa kibuyu, na kibuyu kikiisha kimeisha mpaka kesho. Kibuyu chake alinimiminia mimi. Yeye alitia ubuyu mdomoni akaufyonza ili mate yatoke, akaenda kubeba chuma na mate yake. Siku nne. Mimi mtu aliyenifanyia hivyo sijui ningemlipa nini, na hapo ndipo akili yangu ilipoharibika.

Nilipopona nikampeleka nyumbani. Ni mwendo wa kuondoka alfajiri ukafika ng'ombe wanarudi zizini. Njiani nilimfundisha salamu yetu, na alipomwona baba akainama akasema, "Mbukwa, baba." Baba akafurahi, akaitikia, kisha akamchokoza, "Mnyamwezi, umekuja kwa miguu au umebebwa?"

"Nimebebwa na njaa, baba."

Basi baba akacheka, na baba yangu hakuwa mtu wa kucheka na wageni. Mama akaleta ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando ndani ya kibuyu. Lakini chakula hicho mgeni alikilia mlangoni, amekaa kwenye kigoda, maana ndani mlikuwa na msichana. Tembe letu lilikuwa kama matembe yote, vyumba vya udongo vimefuatana, dari ya chini, unaingia umeinamisha kichwa. Mwanamume asiye wa nyumba hakuinama mlango ule. Kila alipokuja, na alikuja kila tulipopewa mapumziko, alikaa pale kwenye kigoda kama mtu aliyeleta habari za msiba anangoja kuambiwa aseme. Moyo wangu ulikuwa unaniuma. Huyu aliyenipa maji ya kinywa chake, anakula mlangoni!

Ndipo nilipomwambia baba nataka nichanjiane naye tuwe ndugu. Hakuna aliyenishauri. Hata yeye mwenyewe nilimwambia jambo limekwisha kuamuliwa.

Tulikaa juu ya ngozi ya ng'ombe tukielekeana, miguu yetu imepishana. Mzee wa jirani akatuchanja chini ya titi, chale tatu tatu. Ini la mbuzi likachomwa, pande langu likapakwa damu yake, lake likapakwa damu yangu, tukala. Mzee akagonganisha visu juu ya vichwa vyetu akisema: atakayemnyima mwenzake, chakula kimgeukie tumboni, atakayemkana mwenzake, ardhi imkane. Kisha zile chale zikasuguliwa masizi na mafuta ya nyonyo, ziwe nyeusi, zisipotee. Mama akapiga vigelegele. Ndugu yangu akainuka, akainamisha kichwa, akaingia ndani.

Ndugu wa chale hanyimwi. Hanyimwi chakula, hanyimwi pa kulala, akifa hanyimwi kaburi kando ya zizi. Kitu kimoja tu hapewi, nacho ni dada, kwa sababu dada yako amekuwa dada yake. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mimi nilijua. Ila siku ile niliwaza mlango, sikuwaza dada.

Dada yangu huyo tumeachiana ziwa, yeye mbele mimi nyuma. Alikuwa na nguvu za kupasua kuni kama mwanamume na aibu ya kucheka mbele ya watu, akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameposwa nusu nusu na mtu wa kusini, kule Mtera mtoni, mtu mzima mwenye ng'ombe. Baba hakuwa amejibu lakini wote tulijua atajibu nini. Ng'ombe wa dada yangu ndio waliokuwa waniolee mimi mke. Hivyo ndivyo nyumba zilivyojengwa.

Siku moja tulikuwa mtoni kunywesha mifugo. Mito yetu kiangazi ni mchanga mtupu, unachimba shimo refu kuliko mtu, mmoja anashuka kuteka, mwingine anapokea juu. Yeye alikuwa chini.

"Wee," akaniita kutoka shimoni, "ulimfanya ndugu ili iwe nini?"

"Ili aingie ndani."

"Angeingia tu. Ungengoja mvua moja, angeingia kwa mlango wake mwenyewe."

Nadhani sikuelewa, au nilielewa nikaogopa. Akanipandishia kibuyu.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

Niliinama kupokea nikauona uso wake. Ulikuwa umelowa, lakini mtu aliye kisimani uso wake hulowa. Nilijiambia hivyo.

Haukupita muda na ndugu yangu naye, tukiwa na taruma begani, akaniambia bila kugeuka, "Ndugu yangu, nimeshikwa na ugonjwa wa aibu. Niue au nisaidie." Yeye na dada walikuwa wamependana tangu zile siku za kigoda mlangoni, kwa macho tu, kwa namna alivyomletea maji ya kunawa. Ndipo nilipofahamu kwamba mimi, kwa mikono yangu, nilimwingiza mtu nyumbani na kumfungia.

Tukaenda kwa baba. Alikuwa anasuka kamba ya ngozi. Ndugu yangu akasema lote, vizuri, bila kujikwaa. Baba akaendelea kusuka mpaka kamba ikafika mwisho, akaitazama, akasema, "Chale hizo zikitoka mtakuwa watu wawili. Mkiwa watu wawili, njooni tuongee."

Sasa hapa ndipo naomba nisikilizwe. Kwetu mzee hamwambii "hapana" mtu aliyekula kwake. Ni sawa na kumtemea mate. Humwambia, njoo mto ukipanda kilima. Njoo fisi akiwa mchungaji. Mwenye kusikia husikia, huaga vizuri, akaenda kulia mbele ya safari. Baba alikuwa amemkatalia, tena kwa heshima kubwa. Lakini Mnyamwezi hakuwa mtoto wa desturi hii. Yeye alisikia kazi: ondoa hiki, upewe kile. Tulipotoka nje uso ulikuwa unawaka. "Umemsikia mzee? Zikitoka!"

Mimi nilikuwa nimemsikia mzee. Nilipaswa nimwambie pale pale kwenye vumbi la zizi, ndugu yangu, umekataliwa. Sikumwambia. Nimekaa na swali hilo miaka yote, kwa nini sikumwambia, na majibu yangu hayapendezi. Niliogopa atarudi kwao nami nibaki na taruma peke yangu. Na nilikuwa na ujanja wa kijana: nilidhani tukilitimiza neno la baba, neno lenyewe litamfunga.

Basi tukaanza.

Tulianza na majivu. Unachuja maji kwenye majivu ya kuni mpaka yanakuwa makali, yanateleza vidoleni, kisha unasugua nayo pamoja na mchanga. Tulisugua mwezi mzima, asubuhi kabla ya kazi. Ngozi ilitoka, ikaota nyingine, na chale zikarudi chini yake nyeusi kuliko mwanzo, kana kwamba tulizipeleka kuoga.

Palikuwa na mama mmoja wa pwani, mke wa askari, mcheshi, anajua dawa za ngozi. Tukamfuata. Akatuchanganyia chokaa na sabuni, akatufunga vitambaa. Alicheka alipoambiwa sababu. "Makubwa haya! Kwetu watu hutafuta dawa ya kupata ndugu, ninyi mwatafuta ya kumtoa." Tulipomrudia baada ya siku kadhaa tumetoka malengelenge na chale ziko vile vile, hakucheka. Akasema, "Wanangu, iacheni. Chale haitoki. Inahama."

"Inahamia wapi, mama?" nikamuuliza.

"Nitajuaje mimi? Nendeni zenu."

Kisha tukaingia kwenye mnyaa. Wote wa kwetu wanaujua, ule mti usio na majani tunaozungushia zizi, ukiuvunja unatoka maziwa meupe, na maziwa hayo yakimwingia mbuzi jichoni mbuzi ni kipofu. Tuliyadondosha kwa bua, tone juu ya kila chale. Mimi nililia kwa sauti. Siku ya pili nikakataa. Yeye aliendelea, anauma mkanda wa ngozi, anadondosha. Kifua chake kikavimba, kikawa kinatoa maji. Mtu mmoja akatuambia kidonda kama hicho hutiwa mrututu, lile jiwe la buluu linalouzwa dukani kwa Mhindi, linakula nyama mbovu. Tukalisaga tukalitia. Lilikula mbovu likala na nzima.

Ilipofika hapo dada yangu akagundua. Tulikwenda nyumbani, na ndugu yangu alipoinama kuingia mlangoni akagutuka kwa maumivu. Dada akamfunua nguo kifuani mbele ya mama bila kuomba ruhusa. Akatazama. Akanitazama mimi.

"Baba amekataa," akasema, "na ninyi mnachunana ngozi. Hujamwambia?"

Nikajifanya namtafutia ndugu yangu pa kukaa.

"Hujamwambia!"

Basi akamwambia yeye, hapo hapo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba zikitoka maana yake hazitoki, kwamba mzee amesema hapana. Akamsihi aache, atafute kwao mke, apone. Nilitamani ardhi inifunike. Lakini ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Kwetu neno likishatoka mdomoni ni la aliyelisikia. Mzee alisema. Nikifanya alichosema, atalikana mbele ya watu?" Halafu akanigeukia. Hakunikasirikia. Angenipiga ningemshukuru. Alisema tu, "Umeniacha nimekwenda mbali, ndugu yangu. Sasa nisaidie nifike."

Dada akatoka nje. Tulimsikia anapasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Ya mwisho ni chuma. Kambini palikuwa na mahali pa kufulia vyuma, na mhunzi alipokwenda kula mchana moto ulibaki. Tukautia msumari wa reli, ile misumari minene kama kidole gumba, mpaka kichwa chake kikawa chekundu. Alianza yeye kunichoma mimi, maana nilimwambia sitakubali achomwe peke yake. Aligusa kila chale mara moja, upesi, kwa huruma. Zilitoka. Kisha nikamchoma yeye. Koleo nilishika mimi. Kwa kuwa kifua chake kilikuwa kimeoza kidogo kwa mnyaa na mrututu, chale hazikuonekana vizuri ziko wapi, nikakandamiza zaidi ili niwe na hakika. Mkono huu huu ninaoandikia.

Tulingoja magamba yakauke. Yangu yakakauka. Yake yalikauka juu, chini yakawa laini. Hata hivyo tukaenda, yeye mbele akitembea kama bwana harusi, na tukafika kwa baba mchana. Akafunua kifua. "Baba, zimetoka."

Baba alisogea karibu. Alitazama kwake, akatazama kwangu, akarudi kwake. Sijapata kumwona baba akiogopa ila siku hiyo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kigoda cha zamani, akakiweka mlangoni, nje.

"Karibu, mgeni," akasema.

Ndugu yangu akaendelea kusimama. "Mzee ulisema zikitoka tutaongea."

"Tuongee. Mke hupewa mtu mwenye watu wake, watakaosimama waseme huyu ni wetu. Hapa Ugogo watu wako walikuwa nani? Walikuwa sisi." Baba akanionyesha mimi kwa kidole. "Umetuchoma. Sasa nani atakuja kuniposea?"

Akiwa na chale ni ndugu, haozwi. Akiwa hana chale si mtu wa yeyote, haozwi. Nilikuwa nimekandamiza msumari ule ili nimpeleke kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ndugu yangu alikaa kwenye kigoda, nadhani kwa kuchoka tu. Dada yangu akaleta maji ya kunawa kama zamani. Hawakutazamana.

Wiki hizo reli ilikuwa imesonga kuelekea Bahi, na kambi ikasonga nayo. Huko kidonda kikaharibika. Ilianza homa, kisha shingo ikakaza, kisha taya zikafunga. Mtu wa dawa wa kambini alikuja akamtazama, akainama, akauliza nani amefanya hivi. Nikasema mimi. Akasema, "Mngeniletea chale ningewafukuza. Mmeniletea hiki."

Nisimame hapa kidogo. Sisi Wagogo tunang'oa meno mawili ya mbele ya chini. Watu wa makabila mengine hutucheka kwa hilo pengo. Wazee wetu walisema ni kwa ajili ya ugonjwa wa kufunga taya, mtu apate pa kunyweshewa uji asife na kiu. Nilipokuwa mtoto niliona ni maneno ya kunyamazisha watoto wanaolia wakati wa kung'olewa. Ndugu yangu alilala kwenye kibanda cha nyasi akiniomba maji kwa macho. Nilikuwa na kibuyu kizima. Nikajaribu kumdondoshea. Meno yake ya chini yalikuwa kamili, yamebana, meupe, mazuri. Maji yalimpita mashavuni yakaishia shingoni. Yeye aliyenipa kibuyu chake akafyonza ubuyu, mimi nilikuwa na maji nikashindwa kumpa hata funda moja. Alikufa adhuhuri, wenzake wamebeba mataruma, nasikia wanavyoimba.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kupumzika. Nikamwambia baba amekufa, naomba tumlete tumzike kando ya zizi, pa mtoto wa nyumba. Baba akachukua jembe. Akaliegemeza. Akalichukua tena. Nilidhani tunakwenda. Mwishowe akalirudisha ukutani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Ndugu hanyimwi kaburi," akasema. "Mgeni huzikwa alipoangukia." Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa ananisubiri nimwonyeshe kitu kifuani kwangu cha kumpa sababu, na sikuwa nacho.

Niliporudi Bahi walikuwa wamekwisha kumfukia kando ya tuta la reli, na kokoto zimemwagwa juu. Nilitafuta cha kuweka alama. Palikuwa na taruma lililopinda, limetupwa, halina kazi. Nikaliburuta peke yangu, nikalisimika upande wa kichwa. Lilipokwisha kusimama ndipo nilipoukumbuka ule utani wangu wa siku ya kwanza. Sikuwa na pa kuurudisha.

Dada aliolewa na mtu wa Mtera mvua zilizofuata. Ng'ombe walikuja, wazuri, na kwa ng'ombe hao nikaoa bibi yake huyu binti wa vitumbua. Kwa hiyo hata yeye na mkono wake na jina lake ametokana na habari hii, ingawa sikumwambia. Nilichomwambia aliporudi jana ni kwamba asiitoe, avae mikono mirefu. "Na joto hili, Babu?" Nikamwambia avumilie joto.

Lakini nimeruka jambo la siku ile, nililiacha kwa makusudi, nalo halikubali kuachwa. Nilipotoka Bahi kuzika, au tuseme kukosa kuzika, nilimkuta dada yangu kwenye jiwe anasaga uwele. Hakuniuliza. Alinisogelea na kisu cha kunyolea na maji kwenye kata, akatandika ngozi uani, akakaa akainamisha kichwa.

"Ninyoe," akasema.

Baba akatokea mlangoni. Kwetu kunyoa nywele kwa ajili ya maiti si mchezo, kila anayenyoa anajulikana ananyoa kama nani wa marehemu. Baba akamuuliza, taratibu, "Mwanangu, unanyoa kama nani wake?"

Dada hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, nikangoja, naye akangoja ninyoe. Basi nikanyoa. Nywele zilikuwa zinaanguka kwenye ile ngozi, na baba alisimama pale pale hata nilipofika nyuma ya masikio. Nilipomaliza alipita katikati yetu, akakiinua kile kigoda cha mgeni kilichokuwa bado kimebaki mlangoni, akainama, akakiingiza ndani.